Kipimo cha Neva za Moyo Katika Ugonjwa wa Parkinson: Je, Nambari Yake Ni ya Kuaminika?

Kama kawaida yetu, vuta kiti karibu na redio, na kama kuna mzee hapo nyumbani mwambie naye asogee, kwa maana mazungumzo ya leo yanamhusu sana.

Leo tutazungumza juu ya ugonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa unaomfanya mtu kutetemeka, kukakamaa na kwenda polepole. Hatutazungumzia ugonjwa wote. Tutaangalia jambo moja tu, nalo ni kipimo cha neva za moyo. Hii ni picha inayopigwa hospitalini, na mwisho wake hutoka nambari. Watu wengi wakiona nambari huamini papo hapo. Je, nambari hiyo ni ya kuaminika? Inaweza kukosea? Na ukiipata, uifanyie nini?

Huenda ukasema, "Sista, kipimo hicho kiko mbali, sisi huku kinatuhusu nini?" Kinatuhusu. Siku hizi watoto wetu wako Ulaya, Marekani, nchi za Ghuba na hata Japani. Wengine huwaita wazazi wao wakatibiwe huko. Wengine hufanya harambee na kumpeleka mgonjwa India. Wakirudi, hurudi na bahasha ya matokeo, na bahasha hiyo hufunguliwa nyumbani kwetu, mezani petu, daktari aliyeiandika akiwa mbali.

Mzee aliyerudi na karatasi mbili

Nitawapa kisa cha mzee mmoja ninayemtembelea katika kazi yangu. Jina lake nitaliacha. Mzee huyu alikuwa fundi wa kushona nguo kwa zaidi ya miaka 30. Ugonjwa ulianza kidogo kidogo. Alishindwa kutunga uzi kwenye sindano. Kisha mkono wa kulia ukawa unatetemeka anapokuwa ameketi tu, hafanyi kazi. Mwandiko wake wa kuandikia vipimo vya wateja ukawa mdogo hata mwenyewe hakuweza kuusoma. Majirani walisema ni uzee. Wengine walinong'ona kwamba amerogwa.

Binti yake anayefanya kazi ng'ambo alimwita. Madaktari wa huko walimpima, wakasema ni Parkinson, wakamwanzishia dawa iitwayo levodopa. Pia walimpiga picha ya neva za moyo, na nambari ikatoka 1.7. Mzee alirudi nyumbani, dawa ikamfaa, akaweza tena kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe.

Mwaka uliofuata alikwenda tena kumwona binti, ambaye sasa alikuwa amehamia mji mwingine. Hospitali ya huko haikuwa na zile picha za kwanza, kwa hiyo ikapiga zake. Mara hii nambari ikawa 2.1.

Mzee aliporudi, karatasi zote mbili ziliwekwa mezani. Mama wa nyumba hiyo aliniambia kwa furaha, "Sista, mzee wetu anapona. Nambari imepanda." Nami, kusema ukweli, niliziangalia zile karatasi, nikaona 1.7 na 2.1, nikafikiri vivyo hivyo. Nikawapa hongera.

Wiki mbili baadaye niliitwa alfajiri. Mzee alikuwa kitandani amekakamaa kama ubao. Hakuweza kugeuka. Alikuwa na homa kali na anaweweseka. Walikuwa wameacha kumpa dawa, kwa sababu kwao alikuwa amepona.

Tulimkimbiza hospitali. Mwisho wake nitawaambia baadaye. Kwanza tuelewe kosa letu lilikuwa wapi.

Parkinson ni ugonjwa gani?

Ugonjwa huu umepewa jina la daktari wa London, James Parkinson, ambaye mwaka 1817 aliandika kitabu kidogo kuhusu watu waliokuwa wakitetemeka na kudhoofika. Leo tunajua kwamba ndani ya ubongo kuna chembechembe zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini. Dopamini ndiyo inayosaidia mwili kusogea kwa ulaini. Kwa mgonjwa wa Parkinson, chembechembe hizo hufa polepole. Dawa ya levodopa humsaidia kwa sababu mwili huigeuza ikawa dopamini.

Ndani ya chembechembe hizo hukusanyika vibonge vya protini. Daktari wa Kijerumani aliyeitwa Lewy alivieleza mwaka 1912, na hadi leo vinaitwa vibonge vya Lewy. Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba vibonge hivi haviko kwenye ubongo peke yake. Hupatikana pia kwenye neva za matumbo, ndiyo maana wagonjwa wengi hufunga choo miaka mingi kabla ya kuanza kutetemeka. Tena hupatikana kwenye neva zinazokwenda kwenye moyo.

Moyo unaingiaje hapa?

Moyo wako hupiga wenyewe, lakini una neva zinazouongoza. Ukishtuka, ukikimbia au ukisimama ghafla, kuna neva zinazoamsha mwili. Hizo humwaga kemikali iitwayo noradrenalini, moyo ukapiga kwa nguvu na mishipa ya damu ikakaza, ili damu ifike kichwani.

Kwa wagonjwa wengi wa Parkinson, ncha za neva hizi zilizo kwenye moyo hupungua. Hii ni tofauti na magonjwa mengine yanayofanana na Parkinson. Kuna ugonjwa ambao huharibu sehemu nyingi za ubongo na uti wa mgongo kwa pamoja. Mgonjwa wake hutembea polepole na kukakamaa vilevile, lakini dawa ya levodopa haimsaidii sana. Kwake yeye, kwa kawaida ncha za neva zilizo kwenye moyo hubaki, kwa kuwa uharibifu uko juu zaidi. Pia kuna watu wanaotetemeka kwa sababu ya dawa walizopewa, kwa mfano haloperidoli ya magonjwa ya akili au metoklopramidi ya kuzuia kutapika ikitumiwa kwa muda mrefu. Hao pia kwa kawaida neva zao za moyo ni nzima.

Sasa mnaona faida ya kipimo hiki. Watu wawili wanatembea kwa namna moja, lakini mmoja ana Parkinson na mwenzake hana. Picha ya moyo inaweza kusaidia kuwatenganisha.

Picha hupigwaje?

Mgonjwa hudungwa sindano ya dawa inayoitwa kwa kifupi MIBG. Dawa hii ilitengenezwa Marekani, katika Chuo Kikuu cha Michigan, kufikia mwaka 1980, kwa ajili ya kutafuta uvimbe wa tezi zilizo juu ya figo. Umbo lake linafanana na noradrenalini, hivyo ncha za neva huimeza zikidhani ni chakula chao. Katika miaka ya 1990 madaktari wa Japani na Ujerumani waliona kwamba kwa wagonjwa wa Parkinson moyo hauimezi vizuri.

MIBG hubandikwa iodini inayotoa miale kidogo, na kamera maalumu huiona miale hiyo kutoka nje ya mwili. Kabla ya sindano, mgonjwa hupewa dawa nyingine ya kukinga tezi ya shingo isifyonze iodini hiyo. Iodini yenyewe hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya saa 13 hivi. Haiwekwi stoo kama panadoli. Hutengenezwa kwa mtambo mkubwa na kusafirishwa haraka, na hii ni sababu moja ya hospitali nyingi duniani kutokuwa na kipimo hiki.

Picha hupigwa mara mbili. Ya kwanza ni baada ya kama dakika 15 hadi 30. Ya pili ni baada ya saa 3 hadi 4, na hiyo ndiyo hutegemewa zaidi kwa Parkinson.

Nambari inatoka wapi?

Sikilizeni vizuri hapa, kwa maana ndipo tulipojikwaa. Mpimaji huchora duara juu ya moyo kwenye picha, akahesabu miale inayotoka hapo. Kisha huchora kisanduku katikati ya kifua, sehemu ya juu, kati ya mapafu, ambapo hakuna neva nyingi za namna hiyo. Naye huhesabu miale ya hapo. Halafu hugawanya ya moyo kwa ya kifua.

Tuseme kwa mfano moyo umetoa 300 na kifua 100. Nambari ni 3. Moyo umemeza dawa vizuri. Kama moyo umetoa 120 na kifua 100, nambari ni 1.2. Moyo karibu haujameza kitu. Kwa hiyo nambari hii si kiasi cha ugonjwa. Ni ulinganisho wa sehemu mbili za picha. Kitu chochote kinachobadilisha sehemu moja kitabadilisha nambari, hata kama neva za mgonjwa ni zilezile.

Mambo matano yanayoyumbisha nambari

La kwanza ni mtambo wenyewe. Mama anayenunua mahindi sokoni anaijua gorogoro. Kuna gorogoro nzima, na kuna ile iliyosukumwa kitako kikaingia ndani. Ukinunua leo kwa huyu na kesho kwa yule, kisha ukahesabu gorogoro tu, utadanganyika. Mitambo nayo ni hivyo. Mbele ya kamera huwekwa bamba la risasi lenye vitundu vingi, mfano wa chekecheo. Kazi yake ni kupitisha miale inayokuja moja kwa moja na kuzuia inayokuja kombo. Mabamba mengine yana kuta nyembamba, mengine nene. Iodini hii hutoa sehemu ndogo ya miale yenye nguvu sana, ambayo hupenya kuta nyembamba na kutanda kwenye picha nzima kama ukungu. Ukungu huo huongeza hesabu ya kifua, na nambari ikashuka. Moyo uleule ukipimwa kwa bamba la kuta nene, nambari hutoka juu zaidi.

La pili ni saa. Dawa huingia kwenye neva na kutoka polepole. Picha ya dakika 15 haiwezi kulinganishwa na ya saa 4. Ni kama kupima joto la chai ikitoka jikoni na kulipima tena baada ya mazungumzo.

La tatu ni mkono wa mpimaji. Duara likichorwa likagusa ini au pafu, ambayo nayo humeza dawa, hesabu ya moyo itaongezeka kwa uongo. Na kama moyo umemeza kidogo sana hata hauonekani, mpimaji hulazimika kukisia mpaka wake. Habari njema ni kwamba wapimaji wawili waliofundishwa kanuni moja hukaribiana sana katika majibu yao. Siku hizi zipo programu za kompyuta zinazosaidia kuchora ili kila mtu achore kwa namna moja.

La nne ni dawa nyingine anazotumia mgonjwa. Zipo dawa zinazozuia neva kumeza MIBG. Mojawapo ni amitriptilini, ambayo huku kwetu wagonjwa wengi wa kisukari hupewa kwa ajili ya miguu inayowaka moto. Nyingine ni labetaloli ya presha, na baadhi ya dawa za mafua zinazofungua pua. Mgonjwa akipimwa huku anazitumia, nambari inaweza kushuka na akaonekana ana Parkinson kumbe sivyo. Ndiyo maana ni lazima umtajie daktari kila dawa unayokunywa, hata uliyonunua dukani. Yeye ndiye atakayesema ipi isimamishwe na kwa siku ngapi. Usisimamishe mwenyewe. Levodopa yenyewe haisumbui kipimo hiki.

La tano ni magonjwa mengine. Moyo uliopanuka na kudhoofika, moyo uliowahi kupata shambulio, na kisukari cha muda mrefu kilichoharibu neva, vyote vinaweza kushusha nambari. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, nambari ndogo haithibitishi Parkinson. Daktari atataka kwanza kujua hali ya moyo na sukari.

Wataalamu wamefanya nini?

Wasikilizaji, msije mkafikiri kipimo hiki ni cha bure. Kinapofanywa kwa kanuni, ni kipimo kizuri. Kwa ujumla, katika kila wagonjwa 10 wa Parkinson, kama 8 au 9 hupatikana na upungufu. Japani, ambako kinatumiwa sana, bima ya afya ilikubali kukilipia kwa ajili ya Parkinson mwaka 2012. Mwaka 2015 chama cha kimataifa cha madaktari wa Parkinson kilitoa masharti mapya ya kuutambua ugonjwa huu, na kipimo hiki kikahesabiwa kuwa ushahidi wa kuunga mkono. Neno ni "kuunga mkono". Hakikupewa kiti cha hakimu.

Kuhusu tofauti za mitambo, wataalamu wa Japani, akiwemo Profesa Kenichi Nakajima wa Chuo Kikuu cha Kanazawa, walitengeneza kifua cha bandia. Ni chombo cha plastiki cha kuiga kifua, kilichojazwa dawa kwa kiasi kinachojulikana. Chombo hicho kilipelekwa hospitali baada ya hospitali na kupigwa picha kwa kila mtambo. Kwa kuwa jibu la kweli lilijulikana, waliweza kuona kila mtambo unapunguza kiasi gani, wakapata hesabu ya kuzigeuza nambari za mitambo yote ziwe za kipimo kimoja. Ni kama karani wa serikali anayepitia sokoni akikagua mizani kwa jiwe lake la kilo.

Nambari haiwezi kusema nini?

Hata ikipimwa vizuri, kuna mambo ambayo nambari hii haiwezi kukuambia.

Haiwezi kusema kwamba huna Parkinson kwa sababu tu imetoka nzuri. Wagonjwa wengine, hasa walio mwanzoni mwa ugonjwa, bado wana neva za moyo za kutosha. Tena kuna Parkinson ya kurithi inayowapata watu wakiwa vijana, ambayo mara nyingi haigusi neva za moyo.

Haiwezi kusema kama dawa inafanya kazi. Levodopa inasaidia mwendo. Hairudishi neva za moyo.

Na haiwezi kusema moyo una nguvu kiasi gani ya kusukuma damu. Hilo ni swali jingine, lenye kipimo chake.

Turudi kwa mzee wetu

Hospitalini tulikutana na daktari wa magonjwa ya neva. Alisoma karatasi zote mbili, lakini macho yake hayakwenda kwenye nambari kubwa iliyoandikwa kwa wino mzito. Yalikwenda chini, kwenye maandishi madogo. Hospitali ya kwanza ilitumia bamba la kuta nyembamba. Ya pili ilitumia la kuta nene. Alituambia kwamba kwa hesabu ya kugeuza, 1.7 ya mtambo wa kwanza inaweza kulingana na 2.1 ya mtambo wa pili. Yaani moyo haukubadilika hata kidogo. Na hiyo 2.1, kwa kiwango cha hospitali ya pili, bado ilikuwa chini ya ile ya watu wenye afya. Ilikuwa imeandikwa pale pale, kwa Kiingereza, mstari wa mwisho. Sisi sote tuliuruka.

Mzee alirudishiwa dawa, akawekewa maji ya mishipa, akakaa hospitali siku kadhaa. Alipona ile hali. Leo anatembea kwa fimbo mpaka kibandani kwake, ingawa vifungo vya shati sasa anasaidiwa. Alinitania, "Sista, mimi fundi nilikufa kwa futi." Kisha akanieleza kwamba katika ushonaji huwezi kupima kifua kwa futi moja na mkono kwa futi nyingine iliyovutika, kwa maana nguo haitakaa. Alikuwa amelielewa somo kuliko sisi.

Naomba mlikumbuke hili: dawa ya Parkinson haisimamishwi ghafla. Kuikata ghafla kunaweza kuleta homa kali, kukakamaa na hata kifo. Kama inaleta shida, au kama mnafikiri mgonjwa amepata nafuu, nendeni kwa daktari. Yeye ataipunguza pole pole ikibidi.

Kipimo tunachoweza kufanya wenyewe

Sasa labda unasema, "Kamera hiyo hatuna. Tufanye nini?" Kuna kipimo kinachohusiana na neva hizo hizo, nacho kiko kwenye zahanati yako. Ni mashine ya presha.

Neva zinazoamsha mwili zikipungua, mgonjwa akisimama damu hubaki miguuni. Ataona giza, kizunguzungu, au ataanguka. Wengi huvunjika nyonga kwa sababu hiyo. Mwambie muuguzi apime hivi: mgonjwa alale chali kwa dakika 5, apimwe. Kisha asimame, apimwe tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Kama nambari ya juu imeshuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, presha yake inashuka akisimama, na daktari aambiwe. Pengine dawa ya presha anayotumia ni kali mno kwake.

Na hapa pia kumbukeni gorogoro. Mashine ya presha nayo inaweza kudanganya. Mkanda ukiwa mdogo kwa mkono mnene, presha itaonekana juu. Mgonjwa akiongea wakati wa kupimwa, au akiwa amebana mkojo, nambari itabadilika. Pimeni kwa mashine ile ile, mkono ule ule, na muandike saa.

Mgonjwa mwenyewe asiruke kitandani. Aketi kwanza ukingoni, asukesuke miguu, kisha asimame akiwa ameshika kitu. Anywe maji ya kutosha, isipokuwa daktari amemkataza.

Maswali ya kuuliza ukipewa karatasi ya matokeo

Ukipewa matokeo ya picha ya neva za moyo, muulize daktari maswali haya matano. Moja, kiwango cha watu wenye afya kwa mtambo wenu ni kipi? Mbili, nambari hii ni ya picha ya kwanza au ya pili, na ilipigwa baada ya saa ngapi? Tatu, kuna dawa yangu yoyote inayoweza kuibadilisha? Nne, sukari au moyo wangu unaweza kuwa sababu? Tano, kama nilipimwa kwingine, nambari hizi mbili zinaweza kulinganishwa? Na uombe upewe picha zenyewe pamoja na ripoti yote, ziwekwe pamoja na kadi yako ya kliniki.

Maswali ya wasikilizaji

Swali: Baba yangu aliambiwa neva za moyo zimekwisha. Tangu siku hiyo hataki hata kutoka nje, anaogopa moyo utasimama. Ni kweli?

Jibu: Mpe pole baba, na umwambie asiogope hivyo. Kilichopungua ni neva zinazouongoza moyo. Moyo unaendelea kupiga wenyewe. Kutembea na mazoezi mepesi ni sehemu ya tiba yake. La kuangalia ni presha akisimama, kama tulivyoeleza.

Swali: Mama yangu anatetemeka, na hatuna uwezo wa kumpeleka ng'ambo. Atajulikanaje kama ana Parkinson bila picha hiyo?

Jibu: Wagonjwa wengi duniani hutambuliwa bila picha hiyo. Daktari husikiliza historia yake, kisha huangalia kama anakwenda polepole, pamoja na kutetemeka akiwa ametulia au kukakamaa. Huangalia dawa anazotumia, na baadaye huangalia jinsi levodopa inavyomsaidia. Msiuze shamba kwa ajili ya picha. Mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu, waombeni barua ya rufaa kwa daktari wa neva.

Swali: Je, inafaa kurudia kipimo hiki kila mwaka ili kujua ugonjwa umefika wapi?

Jibu: Kwa wagonjwa wengi hakuna haja. Hatua ya ugonjwa hujulikana kwa mwendo, usingizi, kumeza chakula, kuanguka, na kazi anazoweza kufanya mwenyewe. Hayo yaandikeni kwenye daftari nyumbani. Daktari atalipenda daftari hilo.

Kwa kumalizia

Wapendwa wasikilizaji, tuyakusanye ya leo. Kipimo cha neva za moyo kinasaidia kutenganisha Parkinson na magonjwa yanayofanana nayo. Nambari yake ni ya kuaminika ikiwa mtambo, saa, mkono wa mpimaji, dawa na magonjwa mengine vyote vimeangaliwa. Nambari za mitambo miwili hazilinganishwi hivi hivi. Nambari peke yake haimpi mtu ugonjwa wala haimponyi. Na kamwe msisimamishe dawa kwa sababu ya karatasi.

Nami nimejifunza kusoma maandishi madogo kabla ya kumpa mtu hongera. Kama kuna bahasha ya namna hiyo kabatini kwenu, itoeni leo, na siku ya kliniki mje nayo tuisome pamoja.

Kwa leo ni hayo tu. Hadi wiki ijayo wakati kama huu, nawatakia afya njema. Kwaherini.